Kiondo Ndani ya Juala

Serikali ilipopiga marufuku majuala ya plastiki, majirani zangu waliomboleza wiki nzima. Mmoja aliniuliza, mkono kiunoni, kama sasa tutabebea nyama mdomoni. Mimi nilijikalia nikicheka kimoyomoyo. Nilikuwa nimeyahama majuala karibu miaka kumi kabla yao, na sikuhama kwa sababu ya mazingira, wala ya ng'ombe waliosemekana kumeza plastiki, wala ya mtu yeyote wa semina. Nilihamishwa kwa nguvu, asubuhi moja, njiani kati ya mitaa ya Kianda na Kawangware jijini Nairobi, na walionihamisha ni mama yangu mzazi na kijana mmoja mwenye rungu.

Ilikuwa Januari ile ya fujo za baada ya uchaguzi. Nilikuwa msichana bado, sijaolewa, nakaa chumba kimoja Kianda na kufua nguo za watu kwenye fleti za Kilimani. Na lazima niungame kwamba niliyapenda majuala. Nyuma ya mlango wangu palining'inia juala moja nono lililojaa majuala mengine, yamekunjwa, mazuri juu na yaliyochoka chini. Mama niliyemfulia alikuwa akinipa mabaki ya jikoni ndani ya majuala ya supamaketi, yale mazito yenye maandishi, nami nilipofika kwenye ploti yetu ya vyumba vya kupanga niliyageuza maandishi yatazame nje. Ndani kulikuwa na viazi viwili na mkate wa juzi, lakini nani angejua.

Mama yangu aliyaona majuala hayo akaguna. Alikuwa amekuja kutoka Kitui kabla ya Krismasi, na alikuja na kiondo. Kiondo cha katani, cha kusukwa kwa mkono wake, chenye mikanda miwili ya ngozi. Kikiwa kizito aliishika mikanda yote miwili, akaipitisha kwenye paji la uso, kiondo kikalala mgongoni, na mikono yake ikabaki huru kusuka kingine huku akitembea. Ndivyo alivyokwenda kisimani kwetu, ndivyo alivyotaka kwenda kanisani Kianda, mkanda kichwani, nyuzi zikining'inia kifuani. Nilimsihi akiache nyumbani. Nilikiingiza chini ya kitanda, nikakitia vitunguu, nikamwambia kinafaa sana kwa vitunguu. Nilikionea haya, nisiwafiche.

Alikuja kwa sababu ya dada yangu. Dada alikuwa mja mzito, anakaa Kawangware, na mumewe alikuwa amekwenda kwao kwa sikukuu. Mpango ulikuwa mama akae kwangu Krismasi, kisha ahamie kwa dada wiki ya kwanza ya Januari amngoje ajifungue. Kura zikapigwa, matokeo yakatangazwa, na njia zikafungwa. Shemeji akakwama huko, mama akakwama kwangu, na dada akabaki peke yake na tumbo lake.

Wakati huo ndipo nilipojua thamani halisi ya juala. Maduka yalikuwa yamefungwa au yamechomwa, na vioski vichache vilivyofunguliwa asubuhi havikuwa na cha kufungia kitu. Mwenye kioski alikuambia kabla hujafungua mdomo: "Kuja na karatasi yako." Watu walibeba mayai ndani ya sufuria, unga kwenye leso, majani ya sukuma kwapani. Mimi nilijiona tajiri. Niliyaosha majuala yangu na kuyaanika kwenye kamba, na siku moja mtu akapita akaacha kanga mbili na blauzi yangu nzuri, akaiba majuala matatu.

Lakini taabu ya juala ni kelele. Asubuhi moja nilirudi na nusu mkate na sukari. Vyumba vyetu vilikuwa vya mabati, ukuta mmoja kwa watu wawili, na kila mtu alikuwa na njaa. Nilipoanza kufungua juala, mchakacho wake ukasikika ploti nzima. Maongezi ya upande wa pili yakakatika. Punde mtoto wa jirani akawa amesimama mlangoni pangu, haombi, anatazama tu. Tulimkatia mkate, na mkate ukawa robo. Mama akaliokota lile juala kwa vidole viwili.

"Mfuko gani huu," akasema, "usiojua kunyamaza?"

Siku mbili baadaye dada akapiga simu. Amejifungua salama, saa sita mchana, msichana, jirani ndiye aliyempokea. Mama alinipokonya simu akapiga kelele, "Nakuja! Siku ya tatu nitakuwa hapo!" na kabla hajajibiwa simu ya dada ikazima. Hatukumpata tena.

Hapa inabidi nieleze kwa nini mama hakulala tangu siku ile. Kwetu Ukambani mtoto hupewa jina siku ya tatu, na wanawake, na nyanya yake akiwepo. Kabla ya hapo, wazee walisema, bado ni wa mizimu, na anaweza kurudi alikotoka wakati wowote. Sisi ni watu wa kanisa na tumebatizwa, na mchungaji angetukemea vizuri tu. Lakini sijapata kumwona mwanamke wa kwetu aliyethubutu kuiruka siku ya tatu ili aone kama ni kweli. Na mama alimjua binti yake. "Huyo hatakula," alirudia. "Ataketi na mtoto kifuani akimlinda asirudi, na asipokula hatakuwa na maziwa, na mtoto atarudi kweli."

Siku ya tatu tulitoka tukafika mwisho wa kichochoro, moshi wa polisi ukaturudisha macho yakitiririka. Siku ya nne hata mlango hatukufungua. Siku ya tano kulipambazuka kimya, watu wakaanza kutokeza vichwa, na mama akavaa viatu.

Alikuwa ameshakipakia kiondo. Alivimwaga vitunguu vyangu sakafuni, akatia unga wa wimbi, ndengu za shambani kwake, mkebe wa samli, na juu kabisa nyuzi zake za katani. Tukagombana hapo hapo. Siku hizo kiongozi wa upande wetu alikuwa amechukua kiti serikalini, na pale Kianda, palipojaa watu wa upinzani, sisi watu wa Ukambani tukawa wasaliti ghafla, hata sisi ambao hakuna aliyetuuliza. Na mkanda wa kiondo kwenye paji la uso ni kitambulisho. Anayekuona mita mia anajua umetoka wapi.

"Mwaitu," nilimwambia, maana ndivyo tunavyomwita mama kwa lugha yetu, "ukitoka hivyo hatufiki barabarani."

"Nikitoka bila chakula nimekwenda kufanya nini?"

Ndipo nikapata akili yangu kubwa. Nilichukua juala kubwa kuliko yote, jeusi, zito, la vishikio, nililokuwa nimeliweka miezi bila kulitumia kwa sababu ya uzuri wake. Nikakitumbukiza kiondo humo na mikanda yake yote, nikafunga fundo juu. Nikamwambia mama nitabeba mimi, na kwamba popote tutakaposimamishwa asifungue mdomo, kwa kuwa Kiswahili chake kina Kitui hata akikohoa. Alinitazama, akalitazama juala, akatoka nje.

Juala lile lilichakacha kila hatua. Tulipita mbele ya milango iliyofungwa na nilihisi masikio nyuma ya kila bati. Tulikuwa hatujafika njia ya lami tulipoona mawe barabarani, tairi linalofuka, na vijana kama wanane wamekaa juu ya nguzo iliyoangushwa. Mmoja, mwembamba, mwenye rungu, akanyanyuka.

"Niaje, wamathe. Mnaenda wapi?"

"Kawangware," nikasema. "Kuna mgonjwa."

"Na hiyo pepa iko na nini?"

"Chakula tu. Cha mgonjwa."

"Chakula gani kinafungwa hivyo ka maiti? Hebu."

Alilichukua mkononi mwangu. Sikushindana naye. Fundo lilimshinda, akalipasua kidogo juu kwa kidole, akaingiza mkono na kukitoa kiondo kwa mkanda mmoja, unga na ndengu vikaenda upande. Pale nyuzi za katani zilipomwagika kifuani pake, wenzake wakanyanyuka kutoka juu ya nguzo. Wa nyuma akasema polepole, "Si hao ni wale." Nilifikiri: nimemuua mama yangu. Laiti angekibeba wazi, wangemwona mwanamke mzee na kiondo chake. Mimi nimekifunga, nikakifanya kuwa siri.

Mama akafungua mdomo.

"Wewe kijana! Shika yote mbili!"

Kijana akamtazama.

"Kiondo haishikwi sikio moja! Itakatika! Kwani wewe hukulelewa na mtu?"

Na yule kijana, rungu kwapani, akashika mikanda yote miwili. Nafikiri mkono wake ulitii kabla hajauuliza. Mama akamsogelea, akaziokota nyuzi zake begani pake moja moja, akazirudisha ndani.

"Lakini shosho," kijana akasema, sauti imeshuka, "mbona mlikuwa mnaficha?"

"Mimi sikuficha. Uliza huyu." Akaninyooshea kidole. "Ako Nairobi miaka nne tu, anaona haya na kiondo ya mama yake. Anataka nibebe takataka ya duka ndiyo watu wasijue nimetoka shamba."

Mmoja akacheka. Halafu wawili. Nilisimama pale, mtuhumiwa, na kibaya zaidi ni kwamba maneno yake yalikuwa ya kweli. Hofu ilikuwa mpya, ya wiki tatu, lakini haya ilikuwa ya miaka minne, na vijana wale waliijua. Kila mmoja wao alikuwa na nyanya mahali fulani, upande wa ziwa au kwingine, aliyewahi kushuka kwenye basi na kikapu akamtia aibu mbele ya marafiki.

"Dada, wewe ni mshamba wa kuficha ushamba," mmoja akaniambia, na wakacheka tena.

"Na huyo mgonjwa ni nani?" aliuliza mwenye rungu.

"Hakuna mgonjwa," mama akasema, akinivunjia uongo wangu bila huruma. "Ni mtoto amezaliwa. Leo siku ya tano na nyanya yake hajamshika. Mama yake hakuli."

Kijana alitikisa kichwa. "Siku ya tano, na wewe uko hapa unatupigia kelele?" Akamgeuza mama kwa bega, taratibu, akakiweka kiondo mgongoni pake, na mama akaipandisha mikanda mwenyewe mpaka kwenye paji la uso. Tukaanza kwenda. Nikanyoosha mkono nichukue juala langu.

"Hii inabaki," akasema. Alikuwa ameshalikunja mara nne. "Mathe yangu ananituma sukuma kila siku na hana pepa. Hapo juu nitaifunga na uzi."

Hiyo ndiyo iliyokuwa kodi yetu ya njia. Hawakugusa unga, wala ndengu, wala samli. Walichukua juala.

Tulipovuka Barabara ya Ngong nilianza kucheka nikashindwa kusimama, nikaketi ukingoni mwa lami nikicheka na kulia pamoja. Mama alinisubiri. Hakunifariji, si mtu wa hivyo. Alitoa nyuzi zake akasuka mistari miwili mitatu, akasema, "Ukimaliza, twende."

Dagoretti Corner alichoka. Bila kuombwa nikakichukua kiondo, nikaipitisha mikanda kwenye paji langu kwa mara ya kwanza tangu nilipokuwa msichana wa kuchota maji. Kinakulazimisha kuinama kidogo. Hutazami watu usoni, unatazama miguu yako na njia, na mikono inabaki bure. Shingo iliniuma, na sitasema uongo kwamba haikuuma. Lakini tulipita Riruta, tukapita watu waliosimama vikundi vikundi, na sikusikia mchakacho wowote isipokuwa viatu vyetu.

Tulipofika ploti ya dada Kawangware, mlango wake ulikuwa na kufuli kwa nje.

Mama alilishika lile kufuli akaliachia. Kutoka chumba cha pili alitokea mwanamke mnene wa makamo, mikono ina magamba ya samaki, akasimama kati yetu na mlango.

"Mnataka nani?"

Nikamtaja dada.

"Alienda. Alienda ushago na mtoto."

"Lini?"

"Alienda tu."

Ushago, yaani kijijini, njia zote zimefungwa, na kitoto cha siku tano. Sikumwamini, na kutomwamini kulikuwa kubaya zaidi, kwa sababu niliwaza yale mengine ambayo angeweza kuwa anayaficha. Mama hakuwaza. Aliketi chini, palepale kwenye kizingiti, miguu imenyooka mbele kama mtoto, akaanza kulia kwa Kikamba kwa sauti kubwa, akimlaumu Mungu, na serikali, na mimi, na njia, na siku ya tatu.

Nyuma ya mlango uliofungwa kwa kufuli, mtoto mchanga akalia.

Yule mwanamke akafumba macho. Ndani, sauti ya dada yangu ikasema, ndogo kabisa, "Mwaitu?"

Ufunguo ulikuwa kwenye sidiria ya yule mwanamke. Alikuwa amemfungia dada yangu kwa nje tangu siku ya pili, ili wanaopita wakitafuta watu wa kabila hili na lile waone kufuli na waende zao. Alikuwa mtu wa upande wa ziwa, muuza samaki wa kukaanga, na yeye ndiye aliyempokea mtoto. Asubuhi na jioni alifungua kidogo, akaingiza uji na maji, akatoa beseni, akafunga. Alitueleza haya yote kwa hasira, akihangaika na kufuli, kana kwamba sisi ndio tuliomtuma.

"Uji wenyewe hanywi," akamalizia. "Anabeba tu mtoto. Namwambia lala, halali. Kula, hali."

Dada alikuwa ameketi kwenye pembe ya kitanda, midomo imepasuka, mtoto amefungwa kifuani pake kwa leso mbili. Hata tulipoingia hakumwachia. Mama alipiga magoti mbele yake akaifungua ile leso mwenyewe, fundo baada ya fundo, na dada akamruhusu. Mtoto alikuwa mzima. Mdogo, mwekundu, amekasirika, mzima.

Kisha mama akauliza swali nililokuwa naliogopa. "Ameitwa nani?"

Dada akainamisha kichwa. Aliyejibu ni jirani, mlangoni, mikono kifuani.

"Sitaki maneno. Siku ya tatu huyu alilia mchana kutwa, ati mtoto hana jina, ati nyanyake hajakuja, ati atarudi. Atarudi wapi? Nikamwambia, lete hapa. Nikampa jina ya kwetu. Amezaliwa saa sita, jua hapa juu ya kichwa, na sisi tuko na jina ya mtoto kama huyo. Kama hamtaki, mtoe. Mimi sikujua mngefika lini."

Wiki zile watu waliuawa kwa majina. Kijana asiye na kitambulisho aliulizwa jina la baba yake, na jibu liliamua. Na hapa palikuwa na mjukuu wa kwanza wa mama yangu, mtoto wa Kitui, ameitwa jina la ziwa. Mama alimlaza mtoto mapajani, akamfunika miguu kwa leso.

"Ulipomwita," akauliza mwishowe, "alifanya nini?"

"Nani?"

"Mtoto."

Jirani akafikiri. "Alikuwa analia. Akanyamaza. Akashika titi."

"Basi alikubali," mama akasema. "Jina halitolewi mara mbili."

Akanigeukia, akaniambia nilete kiondo. Akapunguza unga kidogo na ndengu kidogo kwenye sufuria ya dada, akatoa nyuzi zake, na kilichobaki, kiondo chenyewe na samli ndani, akamwekea jirani miguuni. Kwetu, alisema, aliyempa mtoto jina haondoki mikono mitupu. Jirani alipinga. Alisema atachukua unga, kiondo atakirudisha kesho. Mama akamwambia hakirudi. Nami niliyekificha kile kiondo chini ya kitanda wiki zote hizo, nilikiona kikiinuliwa na mikono yenye magamba ya samaki nikakionea wivu waziwazi. Mama aliuona uso wangu. Kabla njia hazijafunguka akanisukia changu, mle mle chumbani kwa dada, kwa zile nyuzi, na mtoto akilala kando yake. Sikurudi tena kuyahesabu majuala nyuma ya mlango. Nilimpa mwenye kioski yote.

Lakini siku ile mama alikuwa bado hajamwita mtoto. Alimnyanyua usawa wa uso wake akajaribu. Ulimi wa Kitui ukajikwaa. Jirani akamrekebisha. Akajaribu tena, likatoka vibaya zaidi, na jirani, kiondo mkononi, akashindwa kuizuia tabasamu. Mara ya tatu mama hakumtazama mtu yeyote isipokuwa mtoto, akalitamka lile jina alivyoweza, polepole, kwa sauti ya kumwita mtu wa nyumbani.

Dada yangu alimsikia. Akajinyoosha, akaegemeza kichwa ukutani, mikono imeanguka mitupu kwenye shuka kwa mara ya kwanza katika siku tano.

"Nina njaa," akasema.

Jirani alikuwa ameshaingiza mkono kwenye unga.